Masufuria yanayolia bila mwizi: kuyaelewa maumivu sugu

Mama yangu mkubwa ana bahasha nne za radio juu ya kabati lake, nyumbani kwake Majengo, hapa Goma, mashariki ya Kongo. Radio kwa maana ya picha ya mifupa, si ile ya habari. Ya kwanza aliipiga mgongo ulipoanza kumsumbua. Tatu zilizofuata alizipiga katika vituo mbalimbali, kwa kuwa kila mara alijibiwa kwamba mfupa ni mzima, hakuna kitu. Akarudi nyumbani na mgongo wake ule ule na deni jipya.

Pale nyumbani, hilo "hakuna kitu" lilipata wafasiri watatu. Mkwewe alisema mama anakwepa kuteka maji. Jirani akasema kuna mtu aliyemfunga mgongo, atafute maombi. Wanawe wakasema ni uzee, avumilie. Hakuna aliyesema la nne, kwamba mtu anaweza kuumwa kweli kweli, mwaka baada ya mwaka, mfupa ukiwa mzima na kidonda kimekwisha kufunga. Nimeyasikia mabishano kama hayo kwenye foleni za farmasi za Birere, nje ya kanisa, hata ndani ya teksi, na kila mara anayeumwa ndiye anayeshindwa kesi. Kwa hiyo naandika.

Tuanze na majina. Ukijikwaa kwenye jiwe la volkano, kidole kikavimba na kuuma siku tano, hayo ni maumivu ya muda. Yana kazi: yanakuambia usikikanyagie kidole hicho mpaka kipone. Maumivu sugu ni yale yanayodumu, au yanayokwenda na kurudi, kwa zaidi ya miezi 3. Kipimo hicho kimewekwa kwa kuwa katika muda huo ngozi, nyama na mifupa mingi huwa imekwisha kuunga. Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi yake katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, na sehemu ya maumivu hayo yanahesabiwa humo kuwa ugonjwa wenyewe, hata pasipo ugonjwa mwingine nyuma yake.

Neno "sugu" linatupotosha kidogo. Sugu ni ile ngozi ngumu kwenye kiganja cha mwendesha chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), ngozi ambayo imesuguliwa hadi haihisi tena. Mtu akisikia maumivu sugu anaweza kudhani ni mwili uliozoea, uliokufa ganzi. Kinachotokea ndani ni kinyume chake kabisa. Mwili haukuzoea, umekuwa mwepesi wa kuumia kuliko zamani.

Ili tuone inakuwaje, inabidi tuachane na wazo moja tulilolelewa nalo: kwamba maumivu yanakaa kwenye kidonda kama maji yanavyokaa kwenye bidoni, kidonda kikubwa maumivu mengi, kidonda kidogo maumivu machache. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, nilikimbia na umati kuelekea mpaka wa Rwanda. Kandambili moja ilibaki njiani, sijui wapi. Nilitembea muda mrefu nimembeba mtoto wa jirani, na mguuni sikuhisi chochote. Tulipokaa chini upande wa Gisenyi ndipo nikaona unyayo umepasuka, damu imekauka hadi kwenye kifundo. Na hapo hapo mguu ukaanza kuwaka moto. Kidonda kilikuwepo njia nzima. Maumivu yalisubiri nikae chini.

Daktari Mmarekani Henry Beecher aliona jambo kama hilo kwa askari waliojeruhiwa vibaya katika vita vya Italia mwaka 1944. Wengi wao, wakiwa na majeraha ya kutisha, hawakuomba dawa ya kutuliza. Wangali hai, wametoka mstari wa mbele, na ubongo ulikuwa umepima mambo kwa namna yake.

Mishipa ya fahamu, ile inayoitwa neva, haibebi maumivu. Inabeba habari: hapa pamechomeka, hapa pamebanwa, hapa pana joto kali. Habari hizo hupita kwenye uti wa mgongo, na mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba pale kuna kitu kama lango, ambalo linaweza kufunguliwa zaidi au kufungwa kidogo. Ndiyo maana mtoto akigonga goti, mama analisugua na mtoto ananyamaza: habari ya msuguo inabanana langoni na habari ya kugongwa. Kisha ubongo unazipokea habari zilizopita, unazilinganisha na unachokijua, unachokiogopa na unachokikumbuka, ndipo unaamua: iume, isiume, iume kiasi gani. Uamuzi huo hauupangi wewe, kama usivyopanga moyo wako upige mara ngapi.

Sasa njoo kwenye masufuria.

Mkaaji wa Goma au wa Bukavu hahitaji kuelezwa sauti hiyo. Wezi wakiingia usiku, nyumba ya kwanza inapiga sufuria, ya pili inajibu kwa filimbi, na baada ya dakika chache avenue nzima iko macho. Ni ulinzi mzuri, umeokoa watu. Lakini chukua avenue iliyoibiwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Wiki ya nne, paka anaruka juu ya mabati. Mtu anapiga sufuria. Jirani anajibu. Wanaume wanatoka na fimbo, watoto wanalia, mwenye presha inampanda. Mwizi hayupo. Asubuhi ukimwambia mmoja wao, "Hakukuwa na mwizi, kwa hiyo hukuamka usiku," atakuona umerukwa na akili. Kelele zilikuwa za kweli, na hofu na usingizi uliopotea pia. Kilichobadilika ni ulinzi: umeumia mara nyingi mpaka unaamka kwa paka.

Mishipa ya fahamu nayo hujifunza hivyo. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha, kwa kupima wanyama, kwamba baada ya jeraha uti wa mgongo wenyewe unabadilika: unaanza kuitikia kwa nguvu habari ndogo ambazo kabla ya hapo usingezijali. Mguso wa nguo unauma. Kuinama kufunga kamba ya kiatu kunauma. Mahali palipouma panatanuka, leo kiuno, kesho hadi kwenye paja. Radio haiwezi kupiga picha ya jambo hilo, kwa sababu radio inaangalia mfupa, kama vile ungepiga picha ya ukuta wa nyumba ukitaka kujua kwa nini watu hawalali.

Hapo ndipo "hakuna kitu" ya mama mkubwa inapopata maana yake. Aliyesoma picha hakudanganya. Alisema juu ya ukuta.

Si kila maumivu sugu yanatoka kwenye ulinzi uliozidi, na kuchanganya aina zake kunagharimu watu. Kuna yale yenye chanzo kinachoendelea mwilini: goti lililochakaa, viungo vinavyovimba, au seli mundu, ile tunayoiita SS, ambayo inawatesa watoto wengi wa nchi yetu. Mtoto wa SS anapopatwa na maumivu makali, mishipa yake ya damu imeziba. Mahali pake ni hospitali, haraka, na hakuna anayepaswa kumwambia azoee.

Kuna pia maumivu ya mishipa ya fahamu iliyoharibika yenyewe. Hayo yana lugha yake: yanaunguza, yanapiga kama umeme, yanatambaa kama siafu, na hupenda usiku. Miguu ya mgonjwa wa sukari. Ubavu wa mtu aliyepona zona, ule mkanda wa jeshi. Mguu wa mtoto aliyechomwa sindano ya matako mahali pasipo, ikagusa mshipa mkubwa. Na katika mji wetu, ambao vita havijauacha kwa miaka 30, kuna waliokatwa mguu au mkono. Fundi wa miguu ya bandia katika Shirika la Umoja, kituo cha watu wenye ulemavu hapa Goma, hashangai mtu akimwambia vidole vinamuuma, vidole ambavyo havipo tena. Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani, alikipa kiungo hicho jina la mzimu mwaka 1871, baada ya kuwatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko kwao. Mguu umeondoka, ramani yake imebaki katika ubongo, na ramani hiyo inaweza kuuma. Wapo wanaopata nafuu kwa kioo: unakiweka kati ya miguu, unauangalia mguu mzima ukijongea, na ubongo unaona kana kwamba yote miwili ipo na imetulia. Mtu akikuambia mguu wake uliozikwa unamuuma, hajachanganyikiwa na hajaandamwa na jini.

Mara nyingi aina hizi zinachangamana. Mwendesha chukudu aliyesukuma mamia ya kilo za viazi na makaa kwa miaka 15, goti moja juu ya ubao, anaweza kuwa na goti lililochakaa na pia ulinzi unaoamka kwa paka.

Watu wanaposema "basi ni akili tu," huwa wanamaanisha kwamba mtu anajitungia. Ubongo ni kiungo cha mwili kama ini. Usingizi mbovu, hofu, msiba usioliliwa, njaa, vyote huliacha lango wazi zaidi. Mtu aliyekimbia kijiji chake, akalala juu ya mawe chini ya hema, akahamishwa tena, mwili wake una sababu zote za kulala jicho moja wazi. Ndiyo maana hospitali ya Panzi kule Bukavu, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, haikuishia kwenye upasuaji. Mwanamke aliyefanyiwa ukatili anatibiwa mwili, anapata wa kumsikiliza, anasaidiwa mbele ya sheria na kupata kazi ya mikono. Kwa jicho la anayejua maumivu, hizo ni njia nne za kuuambia mwili kwamba mwizi ameondoka.

Kuhusu uchawi nitasema kidogo. Sala zinatuliza, na kutulia ni sehemu ya dawa, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na anayempa mgonjwa jina la jirani. Mgonjwa aliyeaminishwa kwamba adui analala nyuma ya ukuta wake atapataje usingizi?

Nirudi kwenye picha, maana pesa nyingi za familia zinaishia huko. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za uti wa mgongo za watu ambao hawaumwi mgongo hata kidogo. Diski zilizochakaa, yaani vile vipande laini vilivyo kati ya pingili za mgongo, zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni kama mvi. Kwa hiyo hata siku bahasha ya tano itakapoandikwa "diski imechakaa," mama mkubwa hatakuwa amepata mwizi wake. Na maneno hayo yanaweza kumdhuru: mtu akishaambiwa mgongo wake umekwisha, anaacha kuinama, anaacha kutembea, na misuli inayoushika mgongo inanyauka.

Ndiyo shida ya kulala pia. Kwa jeraha jipya, siku mbili tatu za kupumzika zinafaa. Kwa maumivu ya miezi na miaka, kitanda kinazidisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani juu ya maumivu sugu ya kiuno, uliotoka Desemba 2023, unatanguliza mazoezi, kumwelimisha mgonjwa na msaada wa kisaikolojia. Haushauri kufunga mkanda wa kiuno kama desturi, na haushauri dawa za jamii ya afyuni. Shirika hilo linataja watu milioni 619 wenye maumivu ya kiuno mwaka 2020, kwa hiyo mama mkubwa hayuko peke yake, ingawa yeye amejiona peke yake kwa muda mrefu.

Juu ya dawa niseme bila kuzunguka. Serumu, ile dripu, ni maji yenye chumvi au sukari, haitibu mgongo. Sindano ya diclofenac haina nguvu ya siri ambayo kidonge chake hakina, na diclofenac na ibuprofen ni ndugu wa tumbo moja: ukimeza vyote viwili kwa sababu majina yanatofautiana, umezidisha dawa moja. Ndugu hao wanaweza kutoboa tumbo, kuchosha figo na kupandisha presha, hasa kwa wazee. Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asipite vidonge 8 kwa saa 24, kwa sababu ini lina kikomo. Tramadol, inayouzwa mitaani kama pipi, inazoeza mwili hadi unaidai. Na wanaomeza dawa za kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi wanaweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Wengi hupata nafuu wakisaidiwa kuziacha.

Wapo ambao dawa kali ni haki yao. Mgonjwa wa saratani anayelia usiku anastahili mofini, na kumnyima kwa kuogopa atazoea ni kumtesa. Mwenye maumivu ya kuunguza ya mishipa anaweza kuandikiwa amitriptyline kwa dozi ndogo jioni. Akisoma kikaratasi ataona ni dawa ya huzuni na kudhani daktari amemwona kichaa. Asiiache. Kwa dozi hiyo inalitazama lile lango.

Mengine yanafanyika nje ya farmasi, na kwa watu wengi ndiyo yenye uzito. Mama mkubwa alikuwa na mtego wake, ambao wengi wanao. Siku mgongo ukitulia alifanya yote: bidoni tatu za lita 20 kutoka ziwani, kufua, kupika sombe ya kikao kizima. Kesho yake hakuinuka kitandani, siku tatu. Ulinzi wake ulikuwa unajifunza upya kila wiki kwamba kazi ni hatari. Yule kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyemwona mwishowe alimuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mama, siku mbaya kabisa, unaweza kutembea mpaka wapi?" Akajibu, mpaka kwenye nguzo ya umeme ya pili. Basi akaanzia hapo. Nguzo mbili kila siku, siku nzuri na siku mbaya, bila kuongeza kwa furaha na bila kupunguza kwa woga. Wiki iliyofuata, nguzo tatu. Maji akayabeba kwa bidoni ya lita 10, mara mbili, na kupumzika katikati kabla mgongo haujamlazimisha.

Hapa wengi hukata tamaa kwa sababu mazoezi yanauma mwanzoni. Maumivu yakiongezeka kidogo na kurudi yalipokuwa kufikia kesho, hakuna kilichoharibika. Yakipanda sana na kukaa, umezidisha kipimo. Rudi nyuma nguzo moja. Lengo la kwanza ni kurudisha kazi na watu, hata kama maumivu hayajaisha. Ukisubiri yaishe ndipo urudi kwenye koro, ile kwaya, au kwenye kikao cha likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, unaweza kusubiri sana, na upweke nao unalifungua lango.

Kitambaa cha maji ya moto, kupumua polepole hadi tumboni kabla ya kulala, saa ile ile ya kwenda kitandani: ni vitu vidogo, havina bei, na kila kimoja kinapunguza kelele kidogo. Na ndugu wana kazi yao. Kumnyang'anya mgonjwa kila kazi ni kumfunga, na kumwita mvivu ni kumfunga vilevile. Mwachie kazi anayoiweza, muulize amelalaje.

Kuna wakati masufuria yanalia na mwizi yumo ndani. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akishindwa kuzuia mkojo au choo, akifa ganzi katikati ya mapaja, au mguu ukianza kulegea, aende hospitali siku hiyo hiyo. Akipata homa, akikonda bila sababu, akitoa jasho usiku au kukohoa wiki nyingi, apimwe: kifua kikuu huingia hadi kwenye uti wa mgongo, na kinatibika. Aliyewahi kuwa na saratani, aliyeanguka, na mtoto anayelalamika mgongo, wasiambiwe habari za paka juu ya mabati kabla ya kuchunguzwa. Kichwa kinachopasuka ghafla kuliko siku zote nacho hakisubiri asubuhi.

Kwa wengine, siku ya kwenda kwa muuguzi au daktari, bahasha za zamani ziende nazo ili picha ile ile isilipiwe tena. Andika au kariri mambo machache: maumivu yalianza lini, yanaunguza au yanakaza, yanakuamsha usiku au la, na kazi gani yamekuondolea. Vidonge vyote unavyomeza, hata vile vya rangi vilivyofungwa kwenye kipande cha karatasi, vitie katika mfuko mmoja uvibebe. Mama mkubwa alipoumwaga wake mezani, kati ya pakiti sita, nne zilikuwa dawa moja.